Filme ya mwezi: Watu watatu, jina moja



Mwezi huu tunawaletea filme ambayo haina bunduki, haina karate, haina magari ya kuruka juu ya mito. Najua, kuna vijana wamekwisha kugeuza ukurasa. Ngojeni kidogo. Filme hii inazungumza juu ya wanaume watatu waliofungiwa mu hospitali ya wagonjwa wa akili, na kila mumoja alikuwa anasema: Mimi ndiye Yesu Kristo. Kisha munganga mumoja akawakusanya, meza moja, vitanda karibu karibu, kusudi aone ni nani kati yao atakubali kwamba amekosea.

Jina lake kwa Kingereza ni Three Christs, ni kusema Kristo watatu. Ilitengenezwa na Mumarekani Jon Avnet. Ilionyeshwa mara ya kwanza ku Toronto, inchi ya Kanada, mu mwaka 2017, na ikaingia mu masinema ya Marekani mwanzo wa 2020. Inadumu karibu saa mbili, kasoro dakika kumi.

Tuliitazama na kikundi cha vijana wa parokia, siku ya posho, mu chumba cha katekisimu. Umeme ulikatika mara mbili, na mimi nilikuwa ninatafsiri maneno kwa sauti, kwa hiyo musiniulize kama muziki ni muzuri. Mwanzo vijana walicheka sana. Kufika katikati hawakucheka tena. Mama mumoja alisimama akatoka nje, na nyuma akaniambia: "Nilikuwa ninamuona mutoto wangu mule ndani." Ni juu ya mama yule ninaandika ukurasa huu, zaidi kuliko juu ya filme.

Mbele ya kuanza, wazazi wawili waliniuliza: "Lakini, hiyo si kumutukana Bwana?" Ni swali la haki, ninajibu kwanza. Kuna mutu anayejua vizuri sana kwamba yeye si Kristo, naye anajiita hivyo kusudi akule feza ya wajane. Ule tunajua jina lake, na hatuna haja ya filme. Lakini hawa watatu hawakupata hata franga moja juu ya jina lile. Walipoteza bibi, watoto, kazi, nyumba, na miaka mingi ya maisha. Mutoto mwenye homa kali akianza kusema maneno yasiyo na kichwa, mama yake hamuite mwongo wala hamuite mukufuru. Anatafuta maji, anatafuta dawa. Basi, tuendelee.

Habari yenyewe ni ya kweli. Ilifanyika ku Marekani, mu jimbo la Michigan, mu hospitali kubwa ya serikali ya Ypsilanti. Yule ambaye filme inamuita Daktari Alan Stone, anayechezwa na Richard Gere, mu kweli jina lake lilikuwa Milton Rokeach. Alizaliwa mu 1918 ku Poland, na alikuwa mwalimu wa saikolojia ku chuo kikuu cha jimbo la Michigan. Hakuwa munganga wa kutoa dawa. Kazi yake ilikuwa kuchunguza ginsi watu wanavyoshika imani zao na sababu gani hawaziachi. Mu 1964 aliandika kitabu juu ya wagonjwa wale watatu. Humo aliwapa majina mengine kusudi jamaa zao zisiaibike: Clyde, Joseph na Leon. Filme imechukua majina yale yale. Mambo mengi ninayowaambia hapa yanatoka mu kitabu, sababu filme imefupisha mengi, na mengine imeyageuza.

Wazo lilimuingia Rokeach mu nyumba yake mwenyewe. Jioni moja, wakati wa chakula, alicheza na binti zake wawili: alimuita mukubwa kwa jina la mudogo, na mudogo kwa jina la mukubwa. Watoto wakacheka. Yeye akaendelea. Muda mufupi tu, yule mudogo akauliza kama ni muchezo kweli. Baba akajibu kwamba hapana, si muchezo. Basi, kicheko kikaisha, na watoto wote wawili wakaanza kumuomba aache. Akaacha. Lakini akabaki na jambo kichwani: kumbe kujua mimi ni nani ni kama nguzo ya nyumba, ukiigusa, nyumba nzima inatetemeka! Alitamani kujua nini kitatokea kama mutu ataendelea kuisukuma nguzo ile. Juu ya watoto wake aliogopa. Juu ya wagonjwa wa watu wengine hakuogopa. Sehemu ile ya kitabu niliisoma mara mbili.

Alikuwa amesoma pia habari mbili za zamani. Ya kwanza inatoka kwa Mufaransa Voltaire. Anaeleza juu ya Simon Morin, mutu aliyejiona kuwa mumoja na Kristo. Walimutia mu nyumba ya wenye wazimu, na mule akakuta mwingine aliyesema kwamba yeye ndiye Mungu Baba. Morin akashangaa sana na upumbavu wa mwenzake, akafungua macho juu ya upumbavu wake mwenyewe, akatubu, wakamuachilia. Nyuma ya muda akarudilia maneno yale yale, na mu 1663 wakamuchoma moto ku Paris. Habari ya pili ni ya wanawake wawili wa hospitali moja ya Marekani, kila mumoja akisema yeye ni Mama Maria. Walipokutana walianza kushindana. Kisha yule muzee akauliza jina la mama ya Maria. Wakamuambia ni Anna. Akamugeukia yule kijana: kama wewe ni Maria, basi mimi ni Anna, mama yako! Wakakumbatiana. Inasemekana yule muzee alipata nafuu na akarudi kwake. Mama za parokia waliipenda sana habari hiyo kuliko filme yenyewe.

Rokeach akafikiri: kama wawili waliweza, tujaribu watatu. Tarehe 1 mwezi wa saba 1959, aliwaketisha Clyde, Joseph na Leon mu chumba kimoja.

Tuwaangalie kidogo, sababu kabla ya kuwa ugonjwa walikuwa watu. Clyde alikuwa mukulima, muzee wa miaka karibu 70. Mu muda mufupi alipoteza bibi yake na wazazi wake; akaanza kunywa, mali ikaisha, akafungwa mu gereza, na mu gereza kichwa kikaharibika. Joseph alikuwa na miaka 58, mutu wa Quebec, Mufaransa kwa lugha, mupenzi wa vitabu, aliyetamani kuwa mwandikaji. Alianza kuogopa kwamba watu wanatia sumu mu chakula chake. Alikuwa amekwisha kukaa mu hospitali karibu miaka 20. Leon ndiye kijana wao, hakufika bado miaka 40. Alikuwa amefanya kazi ya askari mu vita ya pili ya dunia. Mama yake alikuwa mutu wa kusali muchana na usiku na kusikia sauti, na nyumba yao ilijaa misalaba na picha za watakatifu. Siku moja Leon alivunja zile zote, akamuambia mama yake aache kuabudu vitu na amusikilize yeye, Yesu. Wakamupeleka hospitali.

Mu filme, Leon anachezwa na Walton Goggins, Clyde na Bradley Whitford, na Joseph na Peter Dinklage, yule muchezaji mufupi wa kimo ambaye vijana walimujua mara moja. Hawa watatu ndio wanabeba filme. Dinklage hasa: anapotazama mu dirisha, hauna haja ya mutafsiri.

Sasa mu kikao cha kwanza, unafikiri nini kilitokea? Vijana wetu walifikiri watapigana mpaka damu, ao mumoja ataona haya na kusema, "Kumbe nimekosea." Hakuna. Kila mumoja alipata maelezo. Clyde alisema wale wengine wawili si wazima, walikwisha kufa, ni mashini iliyo ndani yao inayosema. Toa mashini, watanyamaza. Joseph alisema jambo ambalo vijana walipigia makofi: hawa ni wagonjwa wa hospitali ya wazimu, na kuwa kwao hapa kunaonyesha wazi kwamba wana wazimu! Leon, mwenye maneno mengi na Kilatini kingi, alisema wale wengine ni miungu mitupu ndani, vyombo tu vya kutumiwa.

Muone vizuri. Akili haikuwakosa. Walikuwa nayo, hata ya kutosha, na ilikuwa inafanya kazi usiku na muchana kulinda jina lile. Ndiyo maana kushindana na mugonjwa wa namna hii ni kupoteza mate. Wewe unaleta ukweli, yeye anautengenezea mahali mu nyumba yake, na nyumba inazidi kuwa na nguvu. Wataalamu wanaiita imani ya ugonjwa: haingii kwa mashauri, haitoki kwa mashauri. Na mara nyingi chini yake kuna kitu kinachouma. Rokeach aliona kwamba mutu aliyepoteza kila kitu, aliyedharauliwa na wote, anaweza kuchukua jina kubwa kuliko majina yote kusudi asibaki bila jina.

Walipigana mara chache. Siku moja walibishana juu ya Adamu, na Clyde akamupiga Leon ku uso. Leon hakurudisha. Alibaki kimya, mikono yake imetulia. Nilipowaambia vijana jambo hilo, chumba kilinyamaza, na mimi pia sikuongeza neno.

Walilala vitanda vya karibu, walikula meza moja, walifanya kazi pamoja mu nyumba ya kufulia nguo. Kila siku mukutano. Kisha kukatokea jambo ambalo munganga hakulitafuta: walijifunza kuishi pamoja. Waliongoza mikutano kwa zamu, leo huyu, kesho yule. Muongozi ndiye alichagua mazungumzo na wimbo. Walisoma kwa sauti, waliimba, na juu ya swali la nani ni Kristo walianza kulizunguka, kama vile jamaa inavyozunguka deni la zamani wakati wa chakula. Hakuna aliyemuambia mwenzake tena, "Wewe ni mwongo." Mimi ninaona hapo wagonjwa walikuwa na hekima kupita mwalimu wao. Walijua mwenzao atavunjika wapi, wakaacha kupagusa.

Lakini Rokeach hakutosheka. Alitaka wabadilike. Na ndipo alipoanza barua.

Leon alikuwa anasema ana bibi asiyeonekana, mwenye jina la ajabu. Hakuna bibi kama huyo. Rokeach akaanza kuandika barua kwa jina la bibi yule, akamutumia Leon. Barua ya kwanza ilisema bibi atakuja kumutembelea. Leon akaenda kungojea mahali alipoambiwa. Fikirini: mutu wa karibu miaka 40, amesimama, anangojea bibi ambaye amezaliwa mu kalamu ya mwalimu. Hakuja mutu. Barua ziliendelea, na ndani yake feza kidogo, na maagizo kidogo kidogo: imba wimbo huu, fanya hivi. Leon, ambaye alikuwa anakataa vitu vya watu, alitii mu mambo madogo. Lakini barua zilipoanza kugusa jina lake na imani yake, alikataa. Mwishoni hakutaka kuzipokea tena. Mu filme na mu kitabu kuna pia musichana muzuri aliyeletwa kuwa musaidizi wa kazi, na moyo wa Leon ukamuendea. Nyuma akaelewa kwamba hakuna kitu pale, akajifungia ndani yake zaidi kuliko mbele.

Joseph yeye alipata barua zilizoandikwa kwa jina la mukubwa wa hospitali. Alizipenda sana, akamuita mukubwa yule baba yake. Walimupa pia vidonge vyenye jina refu, lakini ndani havikuwa na dawa yoyote. Joseph akasema tumbo lake limepona. Juu ya kuwa Mungu, hakubadilika hata kidogo.

Wapenzi wasomaji, hapa ninawaambia jambo langu. Nilisimamisha filme, nikasema ni juu ya umeme. Haikuwa umeme.

Nina baba mudogo ambaye alikuwa karani mu kampani. Ni yeye alinifundisha kuandika, chini ya mwembe, na fimbo ku mukono. Kazi ilipoisha na mushahara ukakatika, alikaa mwaka muzima bila kusema sana, kisha akaanza kusema kwamba kilima kizima, na shaba yote iliyo chini yake, ni mali yake, na kwamba mufalme wa Ubelgiji atamuandikia barua ya kukubali. Kila asubuhi alivaa koti lake akaenda ku barabara kungojea barua. Batoto ba kambi walikuwa wanamuimbia nyimbo. Vidonge ambavyo munganga alitoa alikuwa anavitupa mu choo.

Basi mimi, mwenye kusoma, nikajiona mwerevu. Niliandika barua ya mufalme. Kwa Kifaransa kizuri, na muhuri niliouchora na wino mwekundu. Mufalme alimusalimia sana baba mudogo, akamuagiza kumeza vidonge vyake kila jioni. Jamaa yote ilicheka na kunisifu. Alivimeza majuma mawili, na alianza kulala usiku. Jioni moja akaniita, akaweka barua juu ya meza, akaweka kidole juu ya herufi moja. "Tangu siku gani," akauliza, "mufalme wa Ubelgiji anaandika g ile nilikufundisha mimi?"

Hakunipiga. Hakukasirika hata. Ila tangu siku ile hakula tena kitu kilichotoka mu mukono wangu, wala wa bibi yangu. Na vidonge, hata kuviona alikataa. Mbele alikuwa anaogopa watu wa inje. Sasa aliogopa watu wa nyumba.

Ndiyo maana ninaamini neno ambalo Leon alimuambia Rokeach tangu mwanzo, kwamba kule kuwaweka watu mumoja juu ya mwingine ni kutesa roho. Mugonjwa alikuwa ameona wazi. Mwalimu alichukua miaka zaidi ya 20 kuona.

Sababu aliona, na hilo tumupe heshima. Kazi ile ilisimama mu 1961. Miaka miwili, na hakuna hata mumoja aliyepona. Rokeach akaenda zake na kitabu chake, wale watatu wakabaki mu hospitali. Lakini kitabu kilipochapwa tena miaka ya 1980, aliongeza maneno ya mwisho, na mule alikiri. Alisema kwamba yeye hakuweza kuwaponyesha wale watatu mawazo yao ya kuwa Mungu, lakini wao walimuponyesha yeye yake: lile wazo kwamba anaweza kupanga na kupangua maisha ya watu wengine usiku na muchana, hata kwa jina la sayansi. Ni kusema, mu chumba kile Kristo wa uongo hawakuwa watatu. Walikuwa wane. Rokeach alikufa mu 1988.

Filme inafanya nini na ungamo hilo? Hapa sifurahi sana. Filme inajua habari hiyo, inaonyesha barua, inamusimamisha munganga mbele ya wakubwa ajitetee. Lakini Richard Gere ni muzuri mno, macho yake ni ya huruma mno, na wabaya ni wale wakubwa wa hospitali wanaopenda dawa nzito na kupitisha umeme mu kichwa cha mugonjwa. Kwa hiyo mutazamaji anatoka na kusema: munganga muzuri alikatazwa kufanya mema. Kitabu kinasema jambo gumu zaidi: munganga muzuri, mwenye huruma, aliyechukia fimbo, aliumiza pia. Na aliumiza kwa sababu alijua yeye ni muzuri.

Na tusidanganyane juu ya dawa. Miaka ile ya 1950 hospitali za Marekani zilikuwa na mambo ya kutisha, ni kweli. Kulikuwa hata kupasua ubongo. Lakini ni miaka ile ile dawa za kwanza za kweli za ugonjwa huu zilipopatikana: Largactil ku Ufaransa mu 1952, na Haldol ku Ubelgiji mu 1958, katika nyumba ya dawa ya Paul Janssen. Wamama wengi wanaosoma ukurasa huu wameona jina la Haldol ku karatasi ya munganga. Si dawa ya kumufunga mutu mulango. Wengine inawapunguzia sauti na woga mpaka wanaweza kuongea na watoto wao tena. Inaweza pia kuleta mwili kukakamaa na mikono kutetemeka. Hapo unarudi kwa munganga apunguze ao abadilishe, hauitupi mu choo. Hata umeme ule wa filme, leo unatolewa mugonjwa akiwa amelazwa usingizi, juu ya magonjwa fulani mazito, na unasaidia.

Kwetu sisi, swali la barua halikuisha. Nyuma ya filme tulibaki mu chumba mpaka usiku, na kila mutu alikuwa na yake. Kijana mumoja: "Kwetu tunatia dawa ya yaya mu uji, yeye hajui." Musichana mumoja: "Sisi tulimudanganya kwamba tunaenda ku ndoa, tukamuteremsha hospitali. Tangu pale hapandi tena motoka na sisi." Muzee mumoja alisema jamaa yake ilimupeleka mugonjwa mu chumba cha maombi, wakamufunga kamba siku tisa bila chakula, wakasema ni ulozi. Hakuna aliyekuwa mubaya kati ya watu hawa. Wote walikuwa wamechoka, na mutu aliyechoka anashika kitu kilicho karibu.

Nilichosikia kwa wauguzi wanaofanya kazi hii ni chepesi kusema na kigumu kufanya. Usimukubalie kwamba kilima ni chake, na usibishane naye kwamba si chake. Mujibu ule woga ao uchungu ulio chini: "Mimi sioni mambo vile wewe unaona, lakini ninaona haukulala, na ninaona unaogopa." Akikuuliza wazi, mujibu wazi. Usiseme na watu wengine juu yake kama vile hasikii. Anasikia. Kama mutu alikuwa muzima na siku mbili tatu kichwa chake kinageuka, kimbia naye kwanza ku kituo cha afya wamupime damu, sababu malaria ya ubongo inaweza kufanya vile, na malaria haingojei novena. Kama anataka kujiua ao kuumiza mutu, hapo hakuna kungoja kukubali kwake. Mumupeleke, lakini mumuambie munamupeleka wapi. Hapa Lubumbashi wafrère wa Charité wana kituo cha wagonjwa wa akili, cha Dr. Joseph Guislain. Kusali hakukatazwi mule. Kamba ndiyo haiombi.

Mutaniuliza kama filme ni ya watoto. Hapana, ya vijana wa miaka 15 na kupita, na pamoja na mukubwa. Kuna maneno mabaya na kuna mambo ya kuumiza macho. Na kama mu nyumba kuna mugonjwa, musiiweke yeye akiwa peke yake kando kama kiti. Muulizeni kama anataka kuitazama.

Juu ya baba mudogo. Nilikaa miezi mitano bila kusema kitu. Kisha siku ya yenga moja, nyuma ya misa, nilienda nikaketi karibu naye ku barabara, pale anapongojea, nikamuambia: "Baba mudogo, barua ile niliiandika mimi. Nilikudanganya. Unisamehe." Alinyamaza sana. Motoka mbili zilipita, vumbi likatuingia mu macho. Akasema: "Ninajua. Nilingoja useme." Hakula kwangu siku ile, wala juma lile. Ilikuwa karibu na Pasaka alipokubali chai kwa bibi yangu, na nyuma ya hapo ndipo alipokubali kwenda kwa munganga, kwa miguu yake, mimi nikibeba koti. Leo anapata sindano kila mwezi. Analala. Siku fulani bado anasema kilima ni chake, na siku nyingine ananiuliza kama ninaweza kumusaidia kuandika barua ya pansio. Tunaiandika pamoja, yeye anasema, mimi ninaandika. Anaichunguza herufi moja moja mbele ya kutia sahihi.